Nywila Moja, Mikono Saba

Siku niliyokabidhiwa kompyuta za idara yetu ya chuo kikuu, mtangulizi wangu alinipa ufunguo wa ofisi, kisha akainua kibodi ya maabara. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa, chenye nywila ya seva ya data za utafiti: jina la idara, mwaka na alama ya mshangao. "Ndiyo hiyo tunayotumia sote," akasema.

Nikataka kujua hao "sote" ni akina nani. Nilihesabu watu saba. Wawili walishahitimu uzamili na kwenda zao, na barua pepe ya kurejesha nywila ilikuwa ya mmoja wao. Nilipomwandikia, alijibu kwa moyo mkunjufu kwamba bado huingia mara mojamoja kuchukua data zake. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ila idarani hakuna aliyekuwa na habari.

Nikakurupuka. Nikaweka sheria kwamba kila mtu abadilishe nywila kila baada ya siku 30, na lazima iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Nilijiona mlinzi hodari. Miezi mitatu haijaisha, kila anayekuja kuomba msaada ananitajia nywila ileile: jina la mwezi, mwaka, alama ya mshangao. (Nilikuwa sijawakataza hata kunitajia. Wakatazeni.) Katibu muhtasari wetu, mama aliyenizidi umri kwa mbali, akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, za kwako wewe unazikumbuka?" Za kwangu zilikuwa kwenye daftari.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba sheria za namna hiyo zilienea sana kutokana na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr, aliyekuwa mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka 2017 mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya: usimlazimishe mtu kubadilisha nywila kwa tarehe tu, ila pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja, na usimsumbue na masharti ya alama. Nikafuta sheria yangu. Sikuwahi kupendwa idarani kama wiki ile.

Tulichokishika badala yake ni urefu. Herufi ndogo nane zina mipangilio bilioni 208 hivi. Unaweza kuziona nyingi, lakini kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro ni kazi ndogo iwapo mfumo umehifadhi nywila kizembe. Sasa chukua orodha ya maneno 7,776, rusha dadu mara tano kupata kila neno, na uunganishe maneno manne tu: mipangilio inapita trilioni 3,600. Mimi huchukua sita. Sharti ni kwamba dadu ndiyo ichague, maana kichwa cha binadamu hukimbilia jina la mtoto, au methali. "Haraka haraka haina baraka" ni ndefu, lakini yeyote anayejua Kiswahili ataijaribu mapema.

Maneno sita hayo ni ya kufungulia programu ya kutunza nywila, kama KeePass au Bitwarden. Zilizobaki zote, programu ndiyo itunge na kukumbuka, kila akaunti na yake. Mwaka 2009 tovuti ya RockYou ilivujisha nywila zaidi ya milioni 32, na orodha ile hadi leo ni chombo cha kazi cha wadukuzi. Ukitumia nywila moja kwenye duka la mtandaoni na kwenye mfumo wa matokeo ya mitihani, duka likivuja na matokeo yamevuja. Ongeza uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha kitu cha pili kama msimbo wa kwenye simu) kwenye barua pepe kabla ya kwingine kote, maana barua pepe ndiyo inayofungua akaunti nyingine.

Na msidhani mwizi lazima atoke nje. Mwaka 1962 huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ambako kompyuta ilitumiwa kwa zamu za saa, mtafiti wa uzamivu aitwaye Allan Scherr alitaka saa nyingi kuliko alizogawiwa. Akaomba faili la nywila lichapwe, likachapwa, akawa anatumia saa za wenzake.

Rudi kwa wale saba. Kila aliyebaki sasa ana akaunti yake kwenye seva, na akiondoka inafungwa siku hiyohiyo pasipo kuwagusa wengine. Mashine kongwe ya vipimo ndiyo iliyonishinda, kwa kuwa inakubali akaunti moja tu. Nywila yake tumeiweka kwenye sehemu ya pamoja ya programu, ina mwenye dhamana mmoja anayejulikana kwa jina, na yeyote mwenye kuijua akiondoka inabadilishwa. Barua pepe ya kurejesha ni ya idara.

Nywila kuu ya sehemu hiyo tumeiandika kwa kalamu na kuitia kwenye bahasha, tukaweka sahihi juu ya gundi, ikafungiwa kwenye kabati la mkuu wa idara. Watu hucheka nikisema karatasi. Lakini kabati lina kufuli, na kila mwanzo wa muhula mimi na yule katibu muhtasari tunakwenda kuitazama kama imefunguliwa.