Vumbi si hametzi: kuandaa nyumba kwa Pasaka bila kuua familia kwa kazi

Mwezi wa Nisani, wa Pasaka yetu Wayahudi, ukikaribia, utaona watu wanafua mapazia. Mapazia yana kosa gani? Kutoka 12:19 inakataza chachu isionekane nyumbani siku saba, nasi tulio nje ya Israeli tunashika nane. Vumbi halikutajwa. Tunachosaka ni hametzi, yaani ngano, shayiri na jamaa zao zilizochacha. Kwetu Nairobi hiyo ni chapati, mandazi, biskuti, tambi, na bia ya baba kwenye friji.

Kwa hiyo anzeni kwa kupiga marufuku kula nje ya jikoni, wiki mbili hivi kabla. Chumba kikishakaguliwa, hakiingii hata biskuti. Mabegi ya shule na viti vya gari wape watoto. Wao ndio wanajua walikomwaga. Wetu wa kati alichokonoa makombo ya mandazi kwenye mkunjo wa kiti kwa mswaki mkuukuu, akaringa kama askari aliyenasa magendo.

Jikoni ni kazi ya wakubwa. Sufuria isuguliwe, ikae saa 24 bila kutumika, ndipo itumbukizwe kwenye maji yanayotokota. Chungu cha udongo hakitakasiki kwa maji moto, basi kifungie kabatini. Unga na pakiti nyingine unazoona hasara kutupa, mpe rabi, kiongozi wetu wa dini, idhini aziuze kwa asiye Myahudi.

Jambo linalozua ugomvi ni ugali. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawali mahindi, mchele wala maharage wakati wa Pasaka. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na Ureno, wengi wanakula wali bila wasiwasi. Sisi tunafuata desturi ya upande wa mume wangu, kwa hiyo ni matza (mkate usiochachushwa), viazi, mihogo, ndizi za kupika na mayai mpaka tuyachoke. Malizeni mjadala huu kabla ya kwenda sokoni, si mbele ya sufuria.

Usiku wa kuamkia mkesha wa sikukuu, ficheni vipande kumi vya mkate vya kusakwa, kila kimoja ndani ya karatasi, na muandike mlikoviweka (tafadhali andikeni!). Taa zizimwe, watoto watangulie na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti. Asubuhi vyote vinachomwa uani.

Alasiri watoto walazwe kwa nguvu. Mdogo kuliko wote ndiye atakayeuliza maswali manne mezani, na Seder yetu, yaani karamu ya usiku wa Pasaka, hukaribia saa sita usiku. Mama naye alale. Supu iwe imepikwa asubuhi.