Cheo kimetangulia mkutano

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mbagala. Tuna kikundi cha kusafisha mifereji na fukwe, na tunatumia jina na nembo ya harakati ya kujitolea yenye makao yake Ulaya. Sasa wenyewe wametuandikia tuanzishe tawi la Tanzania. Mwenzetu mmoja ameshachapisha kadi za "Mkurugenzi wa Taifa". Wenzetu wa Mwanza, wanaofanya kazi hiyohiyo, wamekasirika kwa kuwa hawakuulizwa. Michango yetu inaingia kwenye namba ya simu ya mtu mmoja. Tusajili wapi, na tuanze na nini?
*Msomaji, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Nimeshika daftari za fedha za vikundi vya kujitolea hapa Dar tangu ujana wangu, na nakwambia ugomvi wenu bado unatibika. Kadi hizo ziwekwe kabatini. Wapigieni simu Mwanza leo, kabla hamjagusa fomu yoyote.

Tawi la taifa ni mali ya wanaofanya kazi, popote walipo. Itisheni kikao, hata kama wa Mwanza watahudhuria kwa simu, mkubaliane mambo yanayoumiza watu baadaye: nani ni mwanachama, mikoa inapigaje kura, kiongozi anakaa miaka mingapi, anaondolewaje. Muhtasari uwe na majina kamili na saini za waanzilishi, maana Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali atauhitaji pamoja na katiba.

Kisha waandikieni wa Ulaya. Jina na nembo ni vyao, hivyo mnahitaji mkataba. Ulizeni: tukiachana, jina linabaki kwa nani? Mfadhili akija Tanzania, nani anazungumza naye? Mna uwezo wa kutuchagulia viongozi? Harakati zilizokomaa zimeshayapanga haya. Wikimedia, iliyo nyuma ya Wikipedia, ina matawi ya nchi ambayo ni vyombo huru kisheria. La kwanza, la Ujerumani, lilianzishwa 2004, na matumizi ya jina na nembo yanaongozwa na makubaliano. Msalaba Mwekundu nao una kanuni ya umoja: kila nchi chama kimoja tu, nacho kiwe wazi kwa wote na kifanye kazi nchi nzima. Hilo la mwisho ndilo wenzenu wa Mwanza wanalodai, na wana haki.

Usajili sasa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, ina ngazi nne: wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Nendeni kwanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu. Atawaelekeza vizuri kuliko dalali yeyote wa nje ya geti. Msipelekwe BRELA, wanakosajili kampuni na biashara, wala Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sababu tu mtu anamjua mtu huko: tangu marekebisho ya 2019, kazi ya aina yenu ni ya Msajili wa mashirika haya. Kama Mwanza wanakubali kuingia, ombeni ngazi ya taifa. Kama hawajakubali, chukueni mkoa na mwache neno "taifa" lisubiri. Cheti hudumu miaka 10, lakini kila mwaka mnadaiwa ada, taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Nimeona vikundi vizuri vikizimika hapo, si kwa wizi, bali kwa kukosa mtu wa kuandika taarifa. Mchagueni mtu huyo mapema kuliko mwenyekiti.

Nirudi kwenye ile namba ya simu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Huyo ndugu, hata awe mwaminifu namna gani, yuko hatarini kuliko ninyi. Akifariki ghafla, Mungu apishe mbali, simu inabaki kwa ndugu zake na pesa za glovu zinahesabiwa kwenye mirathi. Nani atakwenda matangani kuzidai? Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, na wasiwe wa nyumba moja. Nunueni kaunta buku. Kila risiti igandishwe kwenye ukurasa wa siku hiyo, na ipigwe picha jioni ileile: risiti za mashine ya EFD hufifia kwa joto letu, na mkaguzi akija anakuta karatasi nyeupe. Picha hiyo ipelekwe kwenye kundi la WhatsApp, kila mwanachama aione. Aliyetoa elfu mbili yake ana haki ya kujua imenunua viroba vingapi.

Mama, nipo Unguja. Nimealikwa kwenye tawi la taifa lililosajiliwa Dar. Cheti chao kinatosha kufanyia kazi huku?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Hakitoshi. Sheria ya 2002 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na Msajili wake. Jisajilini huko, kisha vyombo viwili viandikiane makubaliano, na washirika wenu wa nje ya nchi waelezwe mapema. Wengi wao hudhani nchi moja ni cheti kimoja, na bajeti yao huandikwa hivyo.

Mama, watu wetu wa kujitolea wanadai posho. Viongozi wanasema anayedai hana moyo. Unasemaje?
*Msomaji, Gongo la Mboto*

Nasema mnawaonea. Kijana anayetoka kwenu kwenda kufanya usafi Kigamboni anapanda daladala na pantoni, kwenda na kurudi, halafu anashinda juani bila chakula. Kurudishiwa nauli na kupata sahani ya wali si posho. Harakati inayowataka wasio na kazi waigharamie kutoka mfukoni hubakiwa na wenye nafasi tu, na hao hawakai kwenye mifereji inayofurika.

Posho ya kukaa kikaoni, hiyo kataeni kabisa. Nauli ilipwe siku hiyohiyo, viongozi nao wapate kiwango kilekile na wasaini karatasi ileile. Mfuko ukiwa mdogo, fanyeni usafi karibu na wanakoishi watu wenu.