Kijiko Kilichorudi Sufuriani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22 kutoka Tanga, na nimekuja Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kusomea famasia. Kwa wiki tatu sasa ninaishi na familia ya Kihindu yenye babu, bibi, wana wao wawili, wakaza wana na wajukuu, wote chini ya paa moja. Walinipokea kwa mikono miwili. Juzi mama mwenye nyumba aliniomba nimkorogee dengu jikoni. Nikachota kidogo, nikaonja, kisha nikaendelea kukoroga kwa kijiko kilekile. Alinyamaza, akalizima jiko, na jioni nikaona dengu zote amepewa ng'ombe wa barabarani na sufuria inasuguliwa kwa nguvu. Hakunigombeza, lakini tangu siku ile sijaitwa tena jikoni. Je, ni kwa sababu mimi ni Mwafrika? Na kwa nini kila ninaposema asante wananitazama kana kwamba nimewakosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu nami niliishi Ahmedabad miaka minne nikiwa mwanafunzi, katika nyumba inayofanana sana na hiyo yako, na ninajua jinsi ukimya wa jikoni unavyomlemea mgeni. Nianze na hofu yako. Ubaguzi dhidi ya Waafrika upo India, na ukikutana nao barabarani au siku utakapotafuta chumba kingine, usijidanganye kwamba ni jambo jingine. Hili la kijiko, hata hivyo, lina chanzo chake. Kama mjukuu wa nyumba hiyo angefanya ulivyofanya wewe, dengu zingeishia kwa ng'ombe yuleyule.

Wenyeji wana neno la jambo hili: jutha. Chakula au chombo kilichokwisha kuguswa na mdomo wa mtu huhesabiwa kuwa kimepoteza usafi wake, hata kama mtu huyo ni mzima wa afya na amepiga mswaki dakika tano zilizopita. Katika nyumba nyingi za Kihindu sehemu ya kwanza ya chakula huwekwa mbele ya sanamu za miungu, kwenye kimadhabahu kidogo cha nyumbani, kabla ya binadamu yeyote kula; kwa hiyo mpishi haonji. Mtazame vizuri mama huyo utamwona anakadiria chumvi kwa macho tu. Kwa sababu hiyohiyo utawaona watu wakinywa maji kwa kuyamimina kinywani kutoka juu, bila midomo kugusa chupa. Jifunze kunywa hivyo. Utalowa kifuani siku mbili tatu, kisha utazoea.

Yapo na mengine ya jikoni. Viatu huachwa mlangoni, mkono wa kulia ndio wa kula na wa kupokelea kitu, na wengi hawakanyagi jikoni asubuhi kabla ya kuoga. Familia nyingi za Gujarat hazili nyama, samaki wala mayai, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, huacha hata vitunguu, vitunguu saumu na viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Ikiwa mama yako alikufungia samaki wakavu begini, naomba usiwafungue humo ndani, maana harufu yake peke yake inatosha kuleta msiba wa pili.

Kuhusu asante, hujawakosea, ila umewaweka mbali. Watu wa nyumba moja hawashukuriani kwa sahani ya chakula, kwa kuwa shukrani ya namna hiyo wanaiona ni ya mtu wa nje. Kula vizuri, omba kuongezewa rotli moja, yaani chapati nyembamba ya huko, na hapo utakuwa umeshukuru.

Wewe binti wa Tanga umebeba tayari kitu kitakachokufikisha mbali kwa wazee wale. Wengi kwetu husema kwamba shikamoo ilitokana na maneno "nashika miguu yako". Huko miguu hushikwa kwelikweli: kijana huinama, akagusa miguu ya mzee, na mzee humwekea mkono kichwani kumbariki. Hutalazimishwa, na kama dini yako haikuruhusu kuinama hivyo, kukutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo ni heshima kamili. Majina ya kuitana ndugu ndiyo yatakayokuchanganya, kwa sababu unayajua kwa maana nyingine. Huko mama ni mjomba wako, kaka ni baba mdogo, na dada ni babu mzaa baba! Nilipowaeleza wenyeji wangu kwamba dada yangu alikuwa anatarajia mtoto, meza nzima ilikaa kimya, kwa kuwa walielewa nimemtaja babu.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, ukishaoga, mfuate mama huyo kabla hajaanza kupika, mwite masi, yaani dada wa mama, kisha umwambie "maaf karjo", nisamehe. Usirefushe maelezo. Baada ya hapo mwombe akufundishe kusukuma rotli. Usijitape kwamba chapati unazijua, kwa maana zetu za pwani hukandwa kwa mafuta na kukaangwa, ilhali rotli ya Gujarat husukumwa nyembamba hadi karibu uone kiganja chako upande wa pili, ikafura juu ya moto kama puto, kisha ikapakwa samli ingali moto. Za kwanza zitatoka na umbo la ramani. Atacheka, atakushika mikono kukuonyesha, na ukiona hivyo jua umerudi jikoni. Ukihitaji kuonja siku nyingine, mwombe akudondoshee tone kiganjani, ulambe, kisha unawe kabla ya kugusa chombo chochote.

Niandikie tena sikukuu ya Navratri ikikaribia, mwanangu, kwa sababu zile siku tisa za kucheza garba, ngoma ya huko, usiku zina taratibu zake za mavazi na za nani wa kukusindikiza nyumbani, nami ningependa uzijue mapema.