Kwa mnaoanza kusoma data za magnetometa za kaskazini

Ukipewa data za magnetometa, yaani vyombo vinavyopima uga wa sumaku wa dunia, kutoka vituo vya kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini, usikimbilie siku za dhoruba ya sumaku, pale jua linapoutikisa uga huo. Anza na siku tulivu. Chora data za Tromsø, kaskazini mwa Norwei, za wiki nzima isiyo na tukio lolote, uuzoee mstari unavyopanda na kushuka kila siku. Asiyeijua siku tulivu kila mtikisiko ataudhania dhoruba.

Halafu usiamini kituo kimoja. Uga wa sumaku wa dunia pale Tromsø ni kama nanotesla (kipimo cha uga wa sumaku) 53,000, na dhoruba ndogo ya usiku huweza kushusha uga wa upande wa kaskazini kwa mia kadhaa tu. Gari likiegeshwa karibu na chombo, au koleo la chuma la theluji likisahaulika ukutani, nalo huacha alama. Weka vituo jirani pamoja uone: mkondo wa umeme ulioko kilomita 100 hivi juu hugusa vituo vingi, kila kimoja kwa kiasi chake, ilhali gari hugusa kimoja tu. Tazama na uga wa wima. Kaskazini ya mkondo badiliko lake huwa chanya, kusini yake hasi, au kinyume chake, kutegemea mkondo unaelekea wapi. Ndiyo maana mnyororo wa vituo vya IMAGE, mtandao wa magnetometa unaoanzia visiwa vya Svalbard kushuka kusini, hukuonyesha mkondo umepita juu ya kituo kipi hata mawingu yakifunga kamera za aurora, ile mianga ya angani ya kaskazini. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa kazi hii.

Wengi hulipita suala la kasi ya uga kubadilika. Tarehe 13 Machi 1989, katika dhoruba ya sumaku, gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya dakika mbili, na watu milioni 6 wakakosa umeme kwa saa 9 hivi. Uga unaobadilika haraka ndio unaosukuma mkondo kwenye nyaya ndefu. Ukitumia wastani wa saa nzima, umekifuta kile hasa mhandisi wa gridi anachokihitaji. Tafuta data za sekunde 10, au za sekunde 1 zikiwepo.

Kwenye utabiri, setilaiti zilizoko kilomita milioni 1.5 upande wa jua hutupa nusu saa hadi saa moja ya tahadhari. Zinaeleza upepo wa jua (chembe zinazotoka kwenye jua) unaokuja, ila hazisemi dhoruba itafumukia wapi. Kwa hiyo modeli yako ya utabiri ipime kwa vituo vya ardhini, tena kwa usiku ambao haijawahi kuuona. Saa zote ziandike kwa UT, saa moja ya dunia nzima, na pembeni uweke saa ya sumaku ya kila kituo, yaani saa ya mahali inayohesabiwa kwa kufuata ncha ya sumaku: dhoruba hizi hupenda usiku wa manane, na Tromsø na Alaska haziufikii pamoja.