Mshale umepanda, fundi kasema toa themostati: maswali yenu ya maji ya gari

Kaskazi limeshika na maswali yenu nayo yamechemka, karibu yote ni ya joto la injini. Nimeyafupisha, nayajibu hapa kwa pamoja.

Fundi, assalaam alaykum. Nina Vitz, nataka kubadilisha kulanti (yale maji ya rangi ya kupozea injini) mwenyewe nyumbani. Kwani lazima kulanti? Huku kwetu hakuna barafu, si nitie maji tu? (Bububu)

Wa alaykum salaam ami. Hilo la barafu nalisikia kila leo. Ile chupa inajisifu kuwa haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, sifa hiyo waachie wenye theluji yao, sie tunaitaka kulanti kwa kazi nyengine, inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka. Rejeta (pale maji ya injini yanapopozwa) za sasa ni alumini, injini ina vyuma vya kila namna, maji matupu yanavila taratibu. Na maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, tazama ndani ya birika lako la chai ule ukoga mweupe, basi ndo huo huo unaokwenda kuziba vijibomba vya rejeta ambavyo ni vyembamba mno. Visima vya pwani ndo usiseme, vyengine vina chumvi kabisa.

Kwa hivo nunua kulanti na maji ya betri, nusu kwa nusu. Angalia vizuri dukani, MAJI ya betri, sio asidi ya betri, wapo wanaoziweka rafu moja. Na usome chupa ya kulanti, kama imeandikwa imeshachanganywa usiongeze maji.

Kazi yenyewe uifanye injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla hujaiwasha ndo wakati wake. Tega beseni chini, fungua kizibo cha chini ya rejeta polepole maana kile ni plastiki na kimezeeka kuliko unavodhani, halafu fungua mfuniko wa juu maji yatoke. Sasa hapa ndo wengi wanapokosea, wakimwaga rejeta wanaona wamemaliza, kumbe kiasi kikubwa kimebaki ndani ya bloku, mwili wenyewe wa injini. Tia maji safi, washa mpaka ipate moto, zima, ngoja ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe, na mkosho wa mwisho uwe wa maji ya betri. Halafu tazama kitabu cha gari injini inachukua lita ngapi, tuseme 5, basi tia kwanza lita 2 na nusu za kulanti kavu (isiyochanganywa na maji), na pengo linalobaki ndo ujaze maji ya betri. Kwa nini? Kwa sababu yale maji ya kukoshea bado yamo ndani ya bloku, ukitia ile iliyochanganywa tayari unaizimua mara ya pili.

Mwisho utoe upepo. Mfuniko wazi, hita weka kwenye moto mwisho, washa, minya minya paipu ya juu (kabla haijawa moto!) na uongeze kadiri inavoshuka mpaka feni iwake yenyewe. Funga, jaza na kitangi cha akiba baina ya alama mbili. Kesho asubuhi tazama tena, ikishuka kidogo usishtuke.

Na ile ulomwaga usiimwage mtaroni wala uani. Ni tamu na ni sumu, paka akiiramba anakufa, mtoto vilevile. Usiitie kwenye chupa ya soda hata siku moja.

Kulanti niliyonayo ni ya pinki, duka la hapa lina ya kijani tu. Nichanganye? (Wete)

Usichanganye. Rangi yenyewe haina sheria, kila kampuni inatia itakayo, ila dawa iliyomo ndani ndo inagombana, nyengine zikikutana zinaganda kama uji. Ukikwama ongeza maji ya betri kidogo mpaka uipate yako. Ukitaka kuhamia ya kijani, mwaga yote ukoshe kama nilivyosema juu. Kwa wenye Toyota, ile ya pinki ya kampuni ikiwa mpya inakwenda kilomita 160,000 mara ya kwanza, baada ya hapo kila 80,000. Ile nyekundu ya zamani ni miaka 2 au kilomita 40,000. Sasa gari zetu zimeshuka bandarini na historia asoijua mtu, wee hesabu kuwa haijabadilishwa.

Sheikh, nina Noah ya abiria. Nikiwa foleni Mwanakwerekwe mshale unapanda, nikishika njia ya kusini unashuka wenyewe. Fundi kasema tutoe themostati, kile kilango cha maji cha injini. Nikubali?

Usikubali, na huyo fundi mwambie kwa heshima aache. Wee mwenyewe umeshajibu swali lako, ukisimama inapanda, ukikimbia inashuka, maana yake upepo wa njiani ndo unaofanya kazi ya feni. Tatizo lako ni feni. Washa AC gari imesimama, kwenye gari nyingi feni lazima izunguke hapo hapo. Ikizunguka, mota nzima, tafuta sensa na waya zake. Isipozunguka, tazama fyuzi, badilisha rilei (swichi ndogo ya umeme ya feni), halafu ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikinyamaza mota imekufa. Vidole mbali, ile inaweza kuwaka yenyewe hata swichi imezimwa. Na umulike tochi baina ya rejeta na kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele yake), pale panajaa vumbi, nyasi na mifuko ya plastiki ajabu.

Ingekuwa kinyume chake, foleni iko sawa ila ukipanda kilima au ukienda mbio ndo inapanda, hapo ningesema maji yamepungua, rejeta imeziba au wota pampu imechoka.

Sasa hii themostati. Watu wameifanya adui. Kazi yake ni kuzuia maji yasende rejeta mpaka injini ipate moto, nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kama nyuzi 82. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, inajaza masizi. Na kuna injini themostati yake ina kisahani cha pili nyuma kinachoziba njia ya mkato ikishafunguka, ukiitoa hiyo maji mengine yanazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, kwa hivo umeitoa ipoe na sasa inachemka zaidi! Kama unaishuku itoe uipime, itumbukize kwenye sufuria ya maji (sio ya jikoni, utagombana na mama watoto), injika motoni, inatakiwa ifunguke kabla maji hayajachemka. Ikibaki imefumba nunua mpya. Haigharimu kama hedi (kichwa cha injini).

Mie kinyume chake, mshale hauinuki, uko kwenye C (baridi) tu hata nikitoka Mkoani mpaka Konde. Taa ya cheki injini inawaka.

Huenda kuna fundi ameshakutolea themostati bila kukwambia, au imekwama wazi. Asubuhi washa gari, shika paipu ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibaki baridi dakika kadhaa halafu ipate moto kwa ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu tokea mwanzo, maji yanapita ovyo. Wakipima kwa mashine wakaona namba ya kosa P0128 ndo hiyo hiyo. Ikiwa P0115 mpaka P0118, hapo ni sensa au waya wake.

Escudo ya zamani ya kukodisha wageni, mshale unarukaruka. Sensa au geji?

Kabla ya yote fungua mfuniko gari ikiwa baridi utazame maji. Wallahi hapa ndo injini nyingi zinapokufa, maji yakipungua sensa inabaki kwenye hewa badala ya maji, mshale unashuka au unacheza na dereva anafurahi, kumbe ndani panaungua.

Maji yakiwa sawa, tafuta ile sensa ya waya mmoja inayopeleka kwenye geji. Swichi imewashwa, chomoa waya, mshale ushuke C. Uguse waya kwenye bodi kidogo tu, upande kwenda H (moto). Mshale ukifanya hivo geji na waya ni wazima, badilisha sensa. Usipotikisika, fuata waya na fyuzi. Na kama mshale wa mafuta nao unacheza pamoja, acha sensa, kaza ethi (waya unaofungwa kwenye bodi) ya dashibodi.

Ile ya waya mbili ni ya kompyuta, ipime kwa mita, nyuzi 20 isome baina ya omu 2,000 na 3,000, asubuhi zetu za joto itakuwa pungufu kidogo, na ikifika nyuzi 80 ishuke 200 mpaka 400. Gari za fukweni chumvi inakula plagi zake, safisha ule ukijani kwanza kabla hujanunua kitu.

Kaka, Passo yangu haina mshale, ina taa ya buluu. Jana ikawaka nyekundu nikaendelea mpaka nyumbani, ni karibu tu. (Fuoni)

Dada yangu, buluu ni injini baridi, ikizimika mambo sawa. Nyekundu ni simama. Hapo hapo, hata kama nyumba unaiona. Leo usiiwashe kwanza, tazama maji ikiwa baridi, halafu soma na swali linalofuata maana linaweza kukuhusu.

Na hata wenye mshale msijione, gari za sasa mshale unaganda katikati kwa makusudi joto likipanda na kushuka, ukiuona umetoka hapo umeshachelewa. Kale kadude ka OBD kanakochomekwa chini ya stelingi na kusomwa kwenye simu kanakupa namba yenyewe ya joto, gari nyingi zinakaa baina ya 85 na 100.

Maji yanapungua kila wiki na hakuna inapovuja.

Panavuja, hujapaona. Anza na mfuniko, mpira wake ukichoka maji yanatoka kwa mvuke, na ukinunua mwengine fuata namba ya presha, ulioandikwa 1.1 usitie wa 0.9. Tazama chini ya wota pampu kama kuna michirizi iliyokauka, halafu zulia la miguuni kwa abiria kama limelowa, hiyo ni rejeta ya hita.

Kote kukavu? Injini baridi, fungua mfuniko, mtu awashe, wee tazama maji. Mapovu mawili matatu ya mwanzo si kitu, ila yakija mfululizo na akipiga resi yanazidi, gasketi ya hedi imepasuka. Moshi mweupe wenye harufu tamu usoisha na oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili za hiyo hiyo. Ile dawa ya kuziba ya chupa itakufikisha gereji, usiifanye matibabu.

Nikikwama Nungwi sina maji, ya bahari yanafaa?

Hapana! Nunua maji ya kunywa dukani. Zima, ngoja nusu saa au zaidi, funika mfuniko kwa kitambaa kizito, uzungushe kidogo pumzi itoke kwanza, tia polepole injini ikiwa imepoa, ukiyamwaga baridi kwenye hedi ya moto inapinda. Ukifika mjini mwaga utie kulanti.