Swali la lugha: "Massachusetts" au "Massachusettsni"?

Swali: Naishi Lowell, Marekani, na naandaa jarida la wazungumzaji wa Kiswahili wa huku. Mwenzangu huandika "Massachusettsni kumeanguka theluji" na "Wamassachusetts wa kale". Je, yuko sahihi?

Jibu: Ng'oa hiyo -ni. Kiambishi hicho hushikana na nomino za kawaida kama nyumba, mto au soko. Majina ya miji na majimbo hayakihitaji, kwa kuwa yenyewe ni mahali tayari. Twasema "naenda Mombasa", "Tabora kuna maembe". Basi na hapa: "Massachusetts kumeanguka theluji". Ku- ya kitenzi inatosha.

Isitoshe, jina hilo lina "-ni" yake. Limetoka kwa Wamassachusett, wenyeji wa asili wa huko, ambao lugha yao ni mojawapo ya lugha za Kialgonkwini za pwani ya mashariki. Massa ni -kubwa, adchu ni mlima, -s- hudogosha kama ki- yetu inavyogeuza mlima kuwa kilima, na -et huonyesha mahali. Jumla yake: kwenye kilima kikubwa. Kilima chenyewe kiko Blue Hills, kusini mwa Boston. Kwa hiyo "Massachusettsni" ni sawa na kuandika "Shimonini" ukikusudia Shimoni ya pwani ya Kenya. Hapo kwenu Lowell mna Pawtucket, -et nyingine hiyo, yaani kwenye maporomoko. Ukiandika "maporomoko ya Pawtucket" umesema jambo mara mbili, lakini liache hivyo. Msomaji anahitaji kujua unataja nini.

Kiambishi -et kimo pia katika Biblia ambayo mmisionari John Eliot aliitafsiri katika lugha hiyo ya Wamassachusett, iliyochapwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1663. Sala ya Bwana inaanza: Nooshun kesukqut. Nooshun ni "baba yetu" kwa neno moja. Kesuk ni mbingu, na -ut ya mwisho ni sura nyingine ya -et. Mbinguni, barabara! Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, ila zote zimeona vyema kulibandika "mahali" mwishoni mwa nomino, na mimi hufurahi kila nikiliona hilo.

Sasa "Wamassachusetts". Ile s ya mwisho ni ya wingi wa Kiingereza. Walowezi waliitumia kuwataja watu hao, kisha ikaganda kwenye jina la jimbo. Wa- yetu imeshaonyesha wingi, hivyo watu ni Wamassachusett na lugha yao Kimassachusett. Ukikusudia wanaoishi jimboni leo, andika "wakazi wa Massachusetts", s ikiwa mahali pake.

Na "wa kale" ifute kabisa, maana watu hao wapo hadi leo. Majirani zao Wampanoag, ambao lugha yao ni hiyo hiyo kwa lahaja nyingine, wanaifufua tangu 1993, mwenzao Jessie Little Doe Baird akiwa miongoni mwa walioianzisha kazi hiyo, na maandishi ya enzi za Eliot ni miongoni mwa hazina wanazochotea maneno ya kuwafundisha watoto wao.