Je, wimbo wa Kidenmaki ni guni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalea mtoto nyumbani kwa mama mmoja wa Kidenmaki, hapa Nyali. Kila magharibi humwimbia mwanawe “Solen er så rød, mor”, yaani “Jua jekundu mno, mama”. Aliniandikia ubeti wa kwanza, mishororo minane. Binti yangu wa sekondari ameuhesabu, asema ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya mizani. Ni kweli?
Mama wa Bombolulu

JIBU: Marahaba, mama. Binti amehesabu sawasawa: mizani, yaani silabi, 6, 6, 6, 6, kisha 7, 6, 8, 6. Angekuwa malenga wa Mvita tungemrudisha akatunge upya. Lakini Harald Bergstedt (1877–1965), mtunzi wake, hakupima kwa silabi. Mdenmaki huikaza silabi moja na kuimeza jirani yake, kwa hiyo hupima mapigo. Mama huyo akiimba, wewe gonga meza kwa kidole: og SKO-ven BLI'R så SORT. Mapigo 3. Mshororo wa 4, wa 6 na wa 8 ni hivyo hivyo.

Mimi vilivyonishika ni vina. Neno mor, “mama”, limefunga mishororo minne, na kina chenyewe kimekaa kabla yake: rød na død, derude na pude. Sasa yasome maneno ya vina peke yake, kwa mpangilio. Nusu ya kwanza: nyekundu, nyeusi, imekufa, imeondoka. Jua limekufa na msitu umekuwa mweusi! Nusu ya pili: huko nje, ushoroba, mto, wimbo. Nje yuko mbweha, ushoroba unafungwa, mama anaitwa aketi kando ya mto wa kulalia, aimbe. Vina vimemtoa mtoto gizani vikamfikisha kitandani. Nilipoliona hilo niliusoma ubeti tena kwa sauti, peke yangu, hapa Kibokoni.

Na katika bembelezi nilizolelewa nazo, msemaji ni mama. Hapa ni mtoto mwenye hofu, na ana haki: kwao Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Muziki wake alioutia Carl Nielsen (1865–1931) ni wa taratibu, hauikemei hofu hiyo.

Mwambie binti aufasiri kwa vipande vya mizani 8 na 8, aniletee. Mbweha akimshinda amwache. Lakini “mama” zote nne nizikute.